Jinsi ya kuendesha baraza la tamthilia ya mauaji ya Kijapani bila ya kumwaga mtama

Tamthilia ya mauaji ya Kijapani haitazamwi kwa mtindo wa zile za Kituruki. Ya Kituruki unaweza kuikosa siku tatu, ukarudi, ukaelezwa kwa maneno mawili nani kamwacha nani. Ya Kijapani ukenda kumimina kahawa dakika mbili tu, kumbe ndipo saa ya ukutani ilipooneshwa, na asiyeiona saa ile hatajua jirani alidanganya wapi. Kwa hivyo watu wanaokusanyika kuitazama, iwe Mkunazini, Jang'ombe au Wete huku Zanzibar, wanahitaji utaratibu. La sivyo siku ya mwisho kila mtu atadai alimjua muuaji tangu sehemu ya kwanza, na hakuna wa kumpinga wala wa kumthibitishia.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha watu 8 hadi 15. Kanuni yake ni moja: maoni yana uzito yakitolewa kabla ya jibu, tena yakifungwa kwenye kitu kilichoonekana au kusikika katika picha.

Kuchagua tamthilia

Usiangalie jina wala bango. Uliza kwanza: tamthilia hii inamficha mtazamaji kitu gani?

Zipo zinazomficha muuaji. Mfano unaojulikana sana ni Anata no Ban desu ya mwaka 2019. Wakaazi wa jengo moja la ghorofa, katika kikao chao, wanacheza mchezo wa kuandika jina la mtu ambaye kila mmoja angetamani afe, kisha majina yale yanaanza kufa kweli. Ilikwenda sehemu 20 kuanzia Aprili hadi Septemba, na Wajapani walishinda wiki nzima wakibishana na kuchambua kila picha iliyoganda. Hii ni tamu kwa baraza lililokwishazoea, lakini kwa kikundi kipya ni mzigo. Wahusika ni wengi, majina yanafanana masikioni mwetu, na kikundi kisicho na daftari huanza kumeguka kabla ya kufika nusu.

Zipo ambazo muuaji anaoneshwa mwanzoni kabisa, na kinachofichwa ni kosa lililomponza. Furuhata Ninzaburo, iliyoanza 1994 na Tamura Masakazu akiwa mpelelezi, ndiyo mfano bora. Kabla ya kulifungua fumbo, mpelelezi mwenyewe anageuka na kuzungumza na watazamaji, kana kwamba anawaambia: haya, mmeshaona kila kitu, mnasemaje? Kwa baraza linaloanza, chagua ya aina hii. Mahali pa kusimamisha picha pameshatengwa na watengenezaji, na kisa kinamalizika siku hiyo hiyo.

Na zipo za kisa kimoja kwa kila sehemu zinazodumu miaka mingi, kama Aibo iliyoanza kwa vipindi maalumu mwaka 2000 na kuwa mfululizo tangu 2002. Hizi zinawafaa watu ambao wiki hii wapo, wiki ijayo wana harusi Bumbwini.

Msimu wa kawaida wa tamthilia ya Kijapani una sehemu 10 au 11, na misimu huanza Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Sehemu ya saa moja, ukitoa matangazo, hubaki dakika 46 hivi. Ya kwanza na ya mwisho mara nyingi hurefushwa, kwa hivyo siku hizo msipange shughuli nyengine baada yake.

Pahala, umeme na sauti

Baraza la nje linafaa kwa mpira, si kwa hili. Kelele za vespa zinameza sauti, taa ya njia inafuta picha, na kila apitaye anauliza "huyu ndiye nani?" Tumieni ukumbi wa nyumba au ua uliofunikwa, ndipo na kina mama nao watakaa kwa raha. TV ya inchi 43 inatosha kwa watu 12, mradi wa nyuma kabisa asizidi mita tatu na nusu, maana hapo maandishi ya chini ya picha huanza kusomeka kwa taabu. Safu mbili za mkeka mbele, safu moja ya viti nyuma, na mwenye macho mabovu akae katikati ya mkeka wa kwanza bila ya kuona haya.

Anzeni saa 2:15 usiku, baada ya Isha. Mwezi wa Ramadhani ama mlaze baraza, ama msogeze hadi baada ya tarawehe na mtazame sehemu moja tu.

Picha ishushwe mchana, isisubiri mtandao wa usiku. Saa moja ya ubora wa kawaida hula GB 1 hivi, na ya ubora wa juu inaweza kufika GB 3. Chukueni kutoka huduma yenye haki ya kuionesha tamthilia hiyo, na msitoze kiingilio, maana haki ya kutazama nyumbani si haki ya kuuza tiketi. Licha ya sheria, nakala za magendo zina ubaya mwengine: maandishi yake mara nyingi yametafsiriwa na mashine. Neno moja likikosewa katika kisa cha mauaji, mnakesha mkimzengea mtu asiyekuwepo.

Umeme ukikatika dakika ya 40, watu hawatalala. TV ya inchi 43 hula wati 80 hadi 100. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, ila betri ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hivyo hesabuni 600, na inveta nayo inakula chake. Mtapata saa 5 za TV peke yake, au saa 3 mkiongeza feni. Wekeni stebilaiza pia, kwani umeme unaorudi kwa kishindo ndio unaoua TV.

Spika ndogo ya pembeni ni bora kuliko sauti ya TV. Waigizaji wa Kijapani hunong'ona, halafu ghafla hupiga ukelele, na mkiongeza sauti ili msikie mnong'ono, ukelele utawaamsha majirani.

Kahawa: vikombe vitatu kwa kila mtu, ml 60 kwa kikombe, ni lita 2.7 kwa watu 15. Gramu 150 za kahawa zinatosha. Dele likae mkononi mwa mtu mmoja na limiminwe kabla ya kuanza, kisha pale mnaposimama. Kashata sawa. Urojo usubiri.

Msomaji

Kama wote wanakifahamu vizuri Kiingereza cha maandishi ya chini, rukeni kipande hiki. Mara nyingi si wote, na hapo anahitajika mtu wa kusoma kwa Kiswahili kwa sauti. Msomaji aitazame sehemu nzima peke yake siku moja kabla, aandike maneno magumu, na kwa sababu hiyo hana haki ya kukisia. Asome kilichosemwa tu. Msomaji anayeongeza "hapa anadanganya" ameshalimaliza baraza.

Mtego mkubwa wake ni barua na simu za muuaji. Kijapani mara nyingi hakitaji mtendaji, lakini Kiingereza kinalazimika kuchagua mwanamme au mwanamke, na pengine kinachagua vibaya. Kiswahili kinaruhusu kusema "alikuja, akafunga mlango" pasi na kumtaja jinsia. Liachwe hivyo hivyo. Msomaji asije akasaidia kwa "bwana yule" au "bibi yule" kama picha yenyewe haijaonesha.

Majina nayo yana utaratibu wake. Kijapani hutanguliza jina la ukoo, ila baadhi ya maandishi hugeuza. Mtu mmoja anaweza kuitwa kwa ukoo na wenzake kazini, kwa jina lake na mkewe, na kwa cheo tupu na walio chini yake. Asiyejihadhari anaandika watu watatu katika daftari. Dawa yake ni ubao: karatasi moja ya A3 ukutani, kila mhusika na kisanduku chake, ndani yake majina yote anayoitwa na alama moja ya kumtambulisha, kama vile miwani, kovu au duka la maua. Wahusika wakipita kumi, bila ya ubao hamfiki mbali.

Wakati msomaji anasoma, nyinyi wengine msikilize Kijapani chenyewe kwa jambo moja: "-san". Ni heshima inayobandikwa nyuma ya jina. Mtu anayedai kuwa hakumjua marehemu ila kwa salamu, halafu kwa bahati mbaya akalitaja jina lake la kwanza bila ya "-san", amejifichua. Maandishi ya chini mara nyingi hayaoneshi hilo. Mzanzibari, ambaye anajua tafauti ya kumwita mtu "Bi Fulani" na kumwita jina kavu, analisikia mara moja akishaambiwa alisikilize.

Daftari la saa

Mtu mmoja mwenye mwandiko unaosomeka awe karani. Ukurasa wake una safu tano: dakika ya picha, saa iliyotajwa katika kisa, nani, wapi, na ya mwisho ambayo ndiyo muhimu kuliko zote: tumeona, au tumeambiwa?

Tamthilia za Kijapani hupenda kuonesha tukio la nyuma wakati mshukiwa anasimulia. Jicho linaona mtu anapanda treni, na akili inaandika "alipanda treni". Hapana. Mshukiwa amesema alipanda treni, na picha ile ni maneno yake yaliyovishwa nguo. Karani aandike herufi K, yaani kauli. Baada ya sehemu tatu au nne tukio lile lile hurudi kutoka pembe nyengine, na hapo ndipo tafauti inapojitokeza: mkoba haupo, mvua haijaanza, saa imesonga. Baraza nyingi hushindwa hapa kwa sababu kauli iliandikwa kama jambo lililoonekana.

Saa za kisa ziandikwe kwa tarakimu za saa 24 kama zilivyo katika picha, 22:00 na 06:40, na zisigeuzwe kuwa saa za Kiswahili katika daftari. Mmoja akiandika "saa 4" kwa kufuata Kiswahili na mwengine "saa 10" kwa kufuata Kiingereza, mshukiwa atapata saa sita za bure za kuzurura Tokyo. Semeni mtakavyo mdomoni, ila daftari libaki na mtindo mmoja. Jambo la kufurahisha ni kuwa Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita, na Kiswahili nacho kinahesabu saa sita nyuma ya saa ya kizungu, kwa hivyo anayetaka kujua tamthilia inaoneshwa kwao lini hana haja ya kupiga hesabu. Anata no Ban desu ilikuwa Jumapili saa 10:30 za usiku kwa saa ya Tokyo, na kwetu ni saa 10:30 ya jioni. Ratiba ya usiku wa manane ikikuandikia 25:00, usidhani wamekosea; ni saa 1:00 ya usiku wa kuamkia kesho yake, yaani saa 7 usiku.

Mambo ya Kijapani yanayowapita watu

Hapa ndipo penye ubishi mwingi, na mwingi wake ungekwisha kwa kujua desturi za kwao.

Ghorofa. Japani, sakafu ya chini ndiyo ya kwanza. Marehemu aliyeanguka kutoka ghorofa ya tatu, kwa hesabu ya majumba ya Michenzani ameanguka kutoka ya pili. Chumba 302 kipo ngazi mbili tu kutoka chini. Swali la "angewezaje kuruka bila kuvunjika?" mara nyingi jibu lake ni hilo.

Miaka. Nyaraka za serikali huandika mwaka kwa zama za mfalme. Zama ya Reiwa ongeza 2018, Heisei ongeza 1988, Showa ongeza 1925. Heisei 7 ni 1995, Reiwa 3 ni 2021. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Cheti cha kuzaliwa kikioneshwa kwa sekunde mbili, karani asimamishe picha na apige hesabu papo hapo, maana umri wa mtoto aliyefichwa ndio unaobeba kisa kizima.

Gari. Wanaendesha kushoto na usukani uko kulia, kama kwetu, kwa hivyo aliyekaa kushoto mbele si dereva. Kibao cha namba kina herufi moja ya Kijapani pembeni ya tarakimu, na ikiwa ni わ, gari ni la kukodi, れ pia. Kibao cha manjano chenye maandishi meusi ni cha gari ndogo ya injini isiyozidi cc 660, na cha kijani ni cha gari la biashara. Mshukiwa anayesema gari ni yake huku kibao kina わ ameshakwama. Watu wanaoshughulika na magari yanayoshushwa bandarini Malindi ndio hodari hapa, muwakalishe mbele.

Silaha. Bunduki Japani zimebanwa na sheria kali mno, kwa hivyo mauaji ya tamthilia ni kisu, sumu, kitu kizito kichwani, au kusukumwa kutoka juu. Kila kitu cha nyumbani kilichosogelewa na kamera, kama jagi la maua, tai au kidonge cha usingizi, kiandikwe hata kama hakijafanya kitu. Mhuri nao uandikwe. Wajapani hupiga mhuri mdogo wenye jina la ukoo pale sisi tunapotia saini, kwa hivyo aliyeiba mhuri ameiba saini.

Maiti. Takriban maiti zote za Japani huchomwa. Hili huwashtua watazamaji wetu na huzua mjadala wa dini, nao una pahala pake, ila kwa fumbo lina maana moja: baada ya mazishi hakuna kufukua. Mhusika anayeharakisha mazishi kabla ya uchunguzi wa daktari anafuta ushahidi. Kwetu kuharakisha mazishi ni sunna, kwa hivyo jicho la Mzanzibari halioni ubaya wowote hapo. Mjihadhari nalo.

Polisi. Mtu anaweza kuzuiliwa siku 23 kabla ya kushtakiwa: saa 72 za polisi na mwendesha mashtaka kwa pamoja, kisha siku 10, kisha 10 nyengine kwa idhini ya jaji. Ndiyo sababu wapelelezi wanakimbizana na kalenda. Na katika tamthilia za zamani utaona muuaji anahesabu siku ili "muda upite". Si uzushi. Mauaji yalikuwa na ukomo wa kushtakiwa, miaka 15, ukapandishwa kuwa 25 kwa makosa yaliyofanyika kuanzia 2005, na tarehe 27 Aprili 2010 ukafutwa kwa mauaji yanayostahili adhabu ya kifo. Kabla ya kubishana kama muuaji alikuwa na haja ya kuogopa, tazameni kisa ni cha mwaka gani.

Karatasi za dhana

Kateni A4 vipande vinne. Kila mtu anapewa kimoja na anaandika kimya: namba ya sehemu, jina la anayemtuhumu, dakika ya picha inayomtia shaka, njia ya kuua, sababu, na uhakika wake kuanzia 1 hadi 10. Karatasi zinatiwa katika bahasha, bahasha inagundishwa, na watu wawili wanatia saini juu ya mkunjo. Anaishika mtu asiyecheza. Bibi mwenye nyumba anafaa, kwani hakuna atakayethubutu kumwomba aifungue.

Kwa msimu wa sehemu 10, kusanyeni baada ya ya 3, ya 6 na ya 9. Baada ya ya kwanza ni mapema, watu wataandika sura tu. Kwa ya sehemu 20, baada ya 4, 8, 12, 16 na 19. Kwa kisa cha siku moja, simamisheni dakika ya 30 hivi, au pale mpelelezi anapogeuka kuzungumza nanyi.

Alama za msimu wa sehemu 10: aliyemtaja muuaji katika karatasi ya kwanza hupata 5, ya pili 3, ya tatu 1. Ushahidi wake ukiwa ndio ule ule uliotumiwa na mpelelezi, alama zinazidishwa mara mbili. Jina likiwa sahihi lakini ushahidi haupo, nusu. Aliyeandika "ana macho ya wizi" hapati kitu hata kama kapatia. Hiyo nusu huleta manung'uniko kila mara. Ishikilieni, maana ikiondoka baraza linageuka bahati nasibu.

Jambo moja linaloharibu karatasi ni kutafuta majina ya waigizaji mtandaoni. Mwigizaji mkubwa hapewi nafasi ya kumimina chai tu, na jina la mwisho katika orodha ya waigizaji kwa kawaida ni la mtu mzito. Sisi huku wengi wao hatuwajui, na ujinga huo ni neema. Vile vile, katika kisa cha dakika 46, anayekamatwa dakika ya 25 siye. Hiyo ni hesabu ya saa, si upelelezi, na isipewe alama.

Kusema maoni

Picha ikisimama, wadogo waanze na wakubwa wafunge. Ni kinyume cha desturi, kwa hivyo ielezwe mapema kuwa mkubwa ndiye anayehitimisha. Ukianza na mzee, vijana wote watamtuhumu aliyetuhumiwa na mzee, kwa adabu tu, na mtapoteza dhana kumi. Kila mtu dakika mbili. Kupinga kuna namna yake: "Niwie radhi ami, ila dakika ya 17 alikuwa kavaa glavu." Na jibu halali ni moja: "Haya mwanangu, nioneshe." Mnarudi dakika ya 17, mnatazama, ubishi umekwisha. Asiyeweza kutaja dakika anasikilizwa, lakini karani haandiki.

Kikundi kikikwama kabisa na kikataka jibu kabla ya wakati, tumieni sheria ya vitendawili. Msomaji hatoi hata fununu mpaka wote, kwa sauti moja, wampe mji. Akishapewa, anatoa dokezo moja tu la kitu kilichokwisha kuonekana, na karatasi inayofuata inahesabiwa nusu ya alama. Mtu mmoja akikataa kutoa mji, hakuna mji. Na daima yuko mmoja anayekataa.

Katika kikundi cha WhatsApp ndiko mtama unakomwagwa kwenye kuku wengi. Kila ujumbe uanze na namba ya sehemu, "S6:" kwa mfano, ili aliye Chake ambaye bado yuko ya tano aupite. Ujumbe wa sauti upigwe marufuku mpaka msimu uishe, kwa sababu hauna namba ya kuonekana, na mtu akishaubonyeza ameshasikia. Picha ya sehemu ya mwisho isiwekwe hata ikiwa imefunikwa.

Baada ya sehemu ya mwisho

Bahasha zifunguliwe usiku ule ule, kisha maoni ya jumla yapumzishwe mpaka kesho. Usiku wa mwisho watu wana hasira au furaha, hawana maoni.

Kesho yake anzeni na swali la haki: tulioneshwa? Chukueni kila hoja aliyoitumia mpelelezi na mtafute ilipoonekana kwa mara ya kwanza. Ikiwa ilionekana angalau sehemu moja kabla, tamthilia imetenda haki. Ikiwa imechomoka katika dakika zile zile za kufichua, kama pacha asiyetajwa popote au sumu isiyokuwemo, imewahadaa, na hapo lalamikeni kwa sauti. Hesabuni: hoja ngapi za haki, ngapi za hila. Tamthilia yenye hoja sita za haki na moja ya hila ni nzuri. Nusu kwa nusu ni mbovu hata ikiwa imewaliza watu.

Njia ya kuua haihitaji muda mrefu. Mtu mmoja ajaribu kwa mwendo, bila ya kisu bila shaka: je, dakika nne zinatosha kupanda ngazi mbili, kufunga mlango na kurudi? Mara nyingi zinatosha, na mara nyingi watu huwa wameshaapa kuwa hazitoshi.

Sababu ya kuua ndiyo hugawa baraza, na kwa maoni yetu ndiyo sehemu dhaifu ya tamthilia nyingi za aina hii. Muuaji aliyekuwa jiwe kwa sehemu tisa anakunjuka kwa swali moja, analia, na anaeleza maisha yake yote tangu skuli ya msingi. Watazamaji wetu husema "mbona kaungama upesi hivyo?" Lalamiko hilo lina haki, lakini lisichanganywe na lile la "sababu haitoshi kuua mtu". Hakuna sababu inayotosha kuua mtu. La kuuliza ni kama mtu huyu, kwa alivyooneshwa tangu mwanzo, angeiona inatosha. Tafuteni tukio moja la mapema linalobeba ungamo lile. Lisipopatikana, andikeni hivyo.

Anayetaka kuyaandika maoni kwa wengine aandike maneno 150 hadi 200. Mstari wa kwanza uwe jina la tamthilia, mwaka na idadi ya sehemu. Kisha aseme aina yake na kama inatenda haki, bila ya kumtaja muuaji wala kusema "hamtaamini ni nani", maana maneno hayo peke yake yameshawaondoa washukiwa watatu wa wazi. Akilazimika kueleza mwisho, aache mistari kumi mitupu na onyo juu yake.

Aliyepata alama chache kuliko wote ndiye anayechagua tamthilia inayofuata. Msomaji ana haki ya kuikataa, akishatazama dakika kumi za mwanzo, ikiwa maandishi ya chini hayasomeki.